Taa za dukani na fremu za usharika: wafanyabiashara wetu na matumizi bora ya umeme

(Hii ni mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, mbele ya wageni kutoka makanisa rafiki. Tunaichapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya wafanyabiashara wa maeneo yetu na namna wanavyoweza kutumia umeme kwa uangalifu zaidi, hasa umeme wa taa. Tunajua kuwa wengine mlipoona kichwa cha mada mlijiuliza: taa nayo ni mradi? Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya visima, miche ya miti, ng'ombe wa maziwa na majiko sanifu. Taa inaonekana ni jambo dogo la mtu na duka lake.

Tunaomba mtuvumilie. Tutaonyesha kuwa taa ni mahali ambapo mfanyabiashara mdogo anaweza kupata nafuu ya kweli ndani ya miezi miwili. Kisha tutaeleza kwa nini, pamoja na nafuu hiyo, wapo ambao bado hawajabadilisha. Mwisho tutasema wazi kuwa sehemu ya kikwazo hicho iko mikononi mwa sharika zetu wenyewe, kwa sababu sisi ni wenye fremu.

Wafanyabiashara tunaowasema

Hatusemi juu ya viwanda. Tunasema juu ya mama mwenye mgahawa wa chakula cha jioni, kinyozi, fundi cherehani, mwenye bucha, mwenye duka la dawa, wakala wa pesa kwa simu, mwenye gesti ya vyumba vichache na kijana wa chipsi. Ukipita Himo, Bomang'ombe au Kiboriloni utawaona wote katika safu moja ya fremu. Wengi wao ni washarika wetu. Sadaka inayojenga makanisa yetu hutoka kwenye droo zao.

Kwa watu hawa taa ni kitendea kazi, kama mizani au mkasi. Mteja anayeshuka kwenye daladala jioni akitoka kazini huingia penye mwanga. Fundi cherehani asiyeona vizuri hukosea rangi ya uzi. Kwa hiyo hatumwambii mfanyabiashara akae gizani ili aokoe fedha. Tunamwambia apate mwanga uleule, au zaidi, kwa umeme mdogo.

Aina tatu za taa

Balbu ya zamani, ambayo wengine huiita globu, hutoa mwanga kwa kupasha moto waya mwembamba ndani ya kioo mpaka uwake. Karibu umeme wote unaoingia humo hutoka kama joto. Sehemu inayogeuka kuwa mwanga ni kama asilimia 5 tu. Ndiyo maana ukiigusa inaunguza. Unalipia pasi ili upate taa. Nayo hukaa saa 1,000 hivi kisha huungua.

Ya pili ni ile tuliyoizoea kwa jina la enajiseva, yenye mirija iliyojikunja. Watt 15 za enajiseva hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya watt 60. Nchi jirani ziliwahi kuzigawa kwa wingi ili kupunguza mzigo wa umeme wakati wa jioni, Uganda mwaka 2007 na Kenya mwaka 2010. Zilisaidia sana. Kasoro yake ni zebaki iliyomo ndani, nasi tutairudia.

Ya tatu ni LED. Hii haipashi waya moto wala haina zebaki. Mwanga hutoka kwenye vipande vidogo sana vya kielektroniki. Taa nyekundu na za kijani za aina hii zilikuwapo kwa miaka mingi, lakini bila rangi ya buluu haikuwezekana kupata mwanga mweupe. Wanasayansi watatu waliofanikisha ile ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nzuri ya watt 9 hutoa mwanga sawa na balbu ya zamani ya watt 60, na hudumu saa 15,000 au zaidi ikiwa imetengenezwa vizuri.

Hesabu ya mgahawa mmoja

Tuweke maneno kwenye hesabu. Chukueni mfano wa mgahawa wenye balbu 6 za zamani za watt 60, zinazowaka saa 6 kila siku. Tuseme uniti moja ni shilingi 350 pamoja na kodi, bei ambayo haiko mbali na wanayolipa wafanyabiashara wengi wadogo. Kila mmoja atapata bei yake halisi akichukua ujumbe wa LUKU kwenye simu na kugawa fedha alizolipa kwa uniti alizopewa.

Balbu 6 za watt 60 ni watt 360. Kwa saa 6 zinakula uniti 2.16 kwa siku, yaani uniti 64.8 kwa mwezi wa siku 30. Hizo ni shilingi 22,680.

Enajiseva 6 za watt 15 zinakula uniti 16.2 kwa mwezi, sawa na shilingi 5,670.

LED 6 za watt 9 zinakula uniti 9.72 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,402.

Mwenye mgahawa akitoka kwenye balbu za zamani kwenda LED anabaki na shilingi 19,278 kila mwezi. Tukisema LED nzuri inauzwa shilingi 5,000, balbu 6 ni shilingi 30,000. Fedha hiyo inarudi kabla ya mwezi wa pili kwisha. Tena, kwa saa 6 kwa siku, balbu ya zamani huungua baada ya miezi mitano na nusu hivi, wakati LED ya saa 15,000 inaweza kufika karibu miaka 7.

Lakini tazameni pia upande wa pili wa hesabu. Anayetumia enajiseva akihamia LED anaokoa shilingi 2,268 tu kwa mwezi. Shilingi 30,000 zake zitachukua zaidi ya miezi 13 kurudi. Kwa hiyo asikimbilie kung'oa enajiseva zinazowaka vizuri. Aziache zimalize maisha yake, na kila inapoungua moja aweke LED. Tunasema hivi kwa sababu mafundisho mengine yanayoletwa vijijini humfanya mtu atupe kitu kizima ili aonekane wa kisasa.

Pale ambapo joto ndiyo kazi yenyewe

Wapo wanaotumia balbu ya zamani kwa sababu nzuri. Kijana wa chipsi huweka balbu ndani ya kabati la kioo ili chipsi zisipoe. Mfugaji wa kuku huitumia kuwapa vifaranga joto. Kwa kazi hizo LED haifai, kwa sababu kinachotafutwa si mwanga.

Mfugaji wa aina hiyo afundishwe kuzuia joto lisipotee. Aweke kizingiti cha mviringo kuwazunguka vifaranga, matandazo makavu ya maranda, na pazia upande wa upepo. Aangalie vifaranga wenyewe: wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni wamezidiwa na joto, na hapo taa ipandishwe juu au moja izimwe. Huo nao ni uangalifu wa umeme.

Kwa nini wengi hawajabadilisha?

Kama hesabu ni nzuri hivi, mbona balbu za zamani bado zimo madukani? Tumekuwa tukiwauliza wafanyabiashara wenyewe. Majibu yao yana akili, nayo ni matatu.

Jibu la kwanza ni fedha ya leo. Mama mwenye mgahawa asubuhi ana fedha ya mchele, mafuta na mkaa. Balbu ya shilingi 1,000 inanunulika leo, ya shilingi 5,000 inasubiri. Anajua kuwa ile ya bei ndogo itamgharimu zaidi, lakini hawezi kupika hesabu ya mwaka mzima kwenye sufuria ya leo mchana.

Jibu la pili ni balbu mbovu. Wengi walishanunua LED ya bei ya chini, ikaungua mwezi wa kwanza au ikaanza kupepesa macho. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Hatuwezi kumlaumu asiporudia. Tunachoweza ni kumfundisha kuchagua.

Jibu la tatu ndilo lililotufanya tuandae mada hii. Mfanyabiashara mmoja wa fremu alituambia: "Nikibana mimi, anafaidi jirani."

Tatizo la fremu na mita moja

Kama mjuavyo, majengo mengi ya fremu yana mita moja ya LUKU. Mwisho wa mwezi, au umeme unapokatika, wapangaji huchanga. Pengine wanachanga sawa kwa sawa, pengine kwa kukadiria: mwenye friji atoe zaidi, kinyozi atoe kiasi fulani. Kutokana na hapo huzaliwa ugomvi ambao wazee wa kanisa mmeusuluhisha mara nyingi.

Turudi kwenye mgahawa wetu wa mfano. Tuseme uko kwenye jengo la fremu 6 zenye mita moja, na wapangaji wanachanga sawa. Mama akibadilisha taa zake 6, jengo zima linaokoa shilingi 19,278 kwa mwezi. Lakini akiba hiyo inagawanywa kwa wapangaji wote. Sehemu yake yeye ni shilingi 3,213 tu. Ametoa shilingi 30,000 peke yake, na itamchukua zaidi ya miezi 9 kuirudisha badala ya chini ya miwili. Wakati huohuo jirani ambaye hakutoa hata senti anapata shilingi 3,213 zilezile kila mwezi.

Zaidi ya hayo, jirani akiona mchango umepungua anaweza kuongeza jiko la umeme au kuacha taa zikiwaka usiku kucha, na ile akiba ikapotea yote. Katika hali hiyo, anayebana umeme anaonekana mjinga na anayetapanya anaonekana mjanja. Semina haitabadilisha hilo, hata tukiifanya kila Jumapili baada ya ibada. Watu hawakosi elimu hapo. Wanakosa haki katika mgawanyo.

Sasa tuseme ukweli. Nani ana majengo ya fremu kando ya barabara zetu? Watu binafsi wapo wengi, lakini sharika zetu nazo zimejenga fremu ili kujitegemea, na ni jambo jema. Tukiwa wenye jengo, mita ni yetu na mkataba ni wetu. Mpangaji hawezi kulitatua jambo hili peke yake. Sisi tunaweza.

Dawa yake si ngumu. Kila fremu iwekwe mita ndogo inayoonyesha uniti alizotumia mpangaji, hata kama LUKU kuu imebaki moja. Mahali panapowezekana, usharika uombe TANESCO mita ya LUKU ya kila fremu, na hilo ndilo bora zaidi. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni, maana mafundi umeme husajiliwa na kupewa leseni na EWURA, na moto wa fremu moja huteketeza safu nzima. Tena usharika usiongeze faida juu ya uniti. Mpangaji alipe kile kilichosomwa kwenye mita kwa bei ileile ya LUKU.

Kuchagua taa nzuri

Kwa wale watakaoulizwa maswali na washarika, haya ndiyo ya kuzingatia.

Soma boksi. Watt zinaonyesha umeme unaoliwa. Mwanga unaonyeshwa na lumeni. Anayetaka kuondoa balbu ya zamani ya watt 60 atafute LED ya lumeni 800 hivi.

Angalia volti. Kwenye laini zetu umeme hupanda na kushuka, hasa jioni. Balbu iliyoandikwa kuwa inavumilia volti nyingi, kwa mfano kuanzia 100 hadi 240, itadumu kuliko inayotaka 220 hadi 240 tu.

Angalia rangi ya mwanga. Namba ya kelvini 6,500 ni mweupe mkali, unaofaa bucha, saluni na duka. Namba ya 2,700 hadi 3,000 ni wa manjano wenye utulivu, unaofaa chumba cha gesti. Fundi cherehani na muuza vitenge watafute pia alama ya Ra 80 au zaidi, ambayo maana yake ni kuwa rangi za kitambaa zitaonekana jinsi zilivyo.

Tafuta alama ya ubora ya TBS, dai risiti, na uliza kama kuna waranti. Nunua moja kwanza, iwake mwezi mmoja, ndipo ununue nyingine. Wala usiifungie ndani ya kikombe cha kioo kisichopitisha hewa, maana LED nayo huharibiwa na joto likikosa pa kutokea.

Zaidi ya taa

Uangalifu wa umeme dukani hauishii kwenye taa. Duka nyingi huwasha taa mchana kwa sababu ndani ni giza. Bati moja la kupitisha mwanga, na chokaa au rangi nyeupe ukutani na kwenye dari, huondoa haja ya taa mpaka jioni.

Kwenye friji ya vinywaji kuna fedha pia. Isogezwe mbali na jua na jiko. Iachiwe nafasi nyuma ili joto litoke, na vumbi la nyuma lifutwe. Barafu ikiwa nene iyeyushwe. Halafu fungia kipande cha karatasi kwenye mlango: kikichomoka bila kukaza, mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha.

Kuna pia akina mama wauzao barabarani bila mita yoyote. Kwa hao jambo ni kuachana na koroboi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo mwanga wa koroboi umekuwa wa gharama juu ya moshi wake na hatari ya moto. Taa ndogo ya jua inayochajiwa mchana humfaa muuzaji wa namna hiyo, nasi tunaihesabu katika mpango huuhuu.

Enajiseva zilizoungua

Tuliahidi kurudi kwenye zebaki. Kila enajiseva ina zebaki kidogo, miligramu chache tu, lakini ni sumu, na inapokusanyika kwenye udongo na maji haiondoki. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2022 kuacha kutengeneza na kuingiza enajiseva za kawaida ifikapo mwisho wa 2025. Mwaka 2023 zikakubaliana juu ya zile taa ndefu za mirija, ambazo mwisho wake ni 2027.

Sisi wa milimani tuna desturi ya kutupa taka kwenye kihamba ili zirutubishe migomba. Enajiseva isitupwe huko hata siku moja. Iliyoungua irudishwe kwenye boksi lake na kuwekwa mbali na watoto. Ikivunjika ndani, fungueni milango na madirisha, watu watoke kwa muda, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, na vyote vifungwe ndani ya chupa yenye kifuniko. Msifagie kwa ufagio, maana unatawanya vumbi lake. Tunapendekeza kila usharika uwe na boksi moja la kukusanyia, na ofisi yetu izungumze na maofisa mazingira wa halmashauri juu ya mahali salama pa kuzipeleka.

"Lakini umeme sasa upo wa kutosha"

Swali hili tumeulizwa mara nyingi. Tunakumbuka migawo ya mwaka 2006 na 2011, mabwawa yalipokauka, na ule wa mwishoni mwa 2023. Kisha Bwawa la Julius Nyerere likaanza kuzalisha mwaka 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Je, bado kuna haja ya kubana?

Ipo, kwa sababu tatu. Kwanza, wingi wa umeme kwenye bwawa haupunguzi shilingi kwenye LUKU ya kinyozi. Uniti asiyoitumia ndiyo uniti asiyoilipia.

Pili, bwawa liko mbali nasi. Mwaka 2025 tulisikia Serikali ikieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda yetu ya kaskazini, sababu ikiwa ni urefu wa njia na umeme unaopotea safarini. Taa huwashwa wote kwa wakati mmoja, saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku. Huo ndio wakati nyaya na transfoma zetu zinaelemewa, na mashine ya jirani inashindwa kuvuta. Safu ya fremu inayopunguza mzigo saa hizo inamsaidia hata asiyejua.

Tatu, maji. Mitambo ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani inategemea maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro, Meru na milima ya Pare. Mkulima wa mfereji na mtambo wa umeme wanakunywa kwenye kikombe kimoja. Sisi tunaopanda miti kwenye vyanzo vya maji hatuwezi kusema kuwa umeme unaotapanywa jioni hautuhusu.

Tunachoomba kwa kamati za sharika

Kwanza, kamati ya uchumi ya kila usharika wenye fremu ikae kabla ya mikataba mipya kusainiwa na iamue juu ya mita ndogo. Gharama ilipwe na usharika, na kama itarejeshwa kupitia kodi, mpangaji aelezwe kiasi na muda, na kiandikwe kwenye mkataba.

Pili, tuanze kwenye majengo yetu, lakini tuanze mahali sahihi. Wengi hukimbilia taa za kanisani kwa sababu zinaonekana. Taa hizo huwaka saa chache kwa juma, na akiba yake ni ndogo. Anzeni na taa za ulinzi. Balbu moja ya watt 60 inayowaka saa 12 kila usiku inakula uniti 21.6 kwa mwezi, yaani shilingi 7,560. LED ya watt 9 mahali hapohapo ni shilingi 1,134. Kisha mwende hosteli, jikoni na ofisini. Kanisa liwe la mwisho.

Tatu, VICOBA vya usharika vianzishe mkopo mdogo wa taa. Kikundi kinunue kwa boksi kutoka duka la vifaa vya umeme la hapahapa mjini, mwanachama achukue taa, na alipe kidogo kidogo kwa kiasi kisichozidi anachookoa kwenye LUKU. Mama wa mgahawa akilipa shilingi 10,000 kwa mwezi anamaliza deni kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo bado anabaki na akiba zaidi ya 9,000 kila mwezi. Lakini mkopo huu upewe mwenye mita yake tu. Kwa aliye kwenye mita ya kuchanga, tengenezeni mita kwanza. Msimkopeshe mtu deni ambalo faida yake inakwenda kwa jirani.

Tunachoomba kwa wafadhili

Kwenu rafiki zetu, tunasema kwa upendo: msitutumie kontena la balbu. Tukigawa bure, yule mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye naye ni msharika, anakosa wateja, na balbu zikiungua tutasubiri kontena jingine. Tusaidieni kwa mtaji wa kuanzia wa mfuko wa kuzunguka, na kwa mita ndogo za sharika zenye uwezo mdogo. Hazivutii kwenye picha, tunajua. Mita ukutani si kama kisima chenye watoto wanaocheka. Lakini itamtendea haki mpangaji kila mwezi kwa miaka mingi.

Taarifa tutawapa kwa njia rahisi. Kila anayeshiriki atatunza ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu kabla ya kubadilisha taa na mitatu baada yake. Uniti hazisemi uongo. Pale ambapo akiba haikupatikana mtaiona, nasi tutaeleza sababu.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wafanyabiashara wetu walibadilika kwa muda mfupi kuliko wengi walivyotarajia. Walibadilika kwa sababu sheria ilimgusa kila mmoja sawasawa, na hakuna aliyefaidi kwa kumwacha mwenzake atii peke yake. Kwenye taa za fremu hakuna sheria kama hiyo. Kuna mkataba wa pango tu, na sisi ndio tunaouandika.

Tunaomba kila kamati iliyopo hapa irudi nyumbani na majibu ya maswali matatu: Usharika wetu una fremu ngapi? Zina mita ngapi? Na wapangaji wanachangaje? Mtuletee majibu hayo kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka, na hapo ndipo tutaanzia kazi.